SOMO LA ROBO HII: NYUMBA YA MJINI NA MIRATHI
Tunachojifunza kutoka Ngamiani, Tanga



Katika masomo yetu mengi tumezoea kuzungumzia vijiji: visima, mbuzi wa maziwa, majiko sanifu na vikundi vya kuweka na kukopa. Robo hii tunaingia mjini, katika mtaa wa zamani ambao wengi wakiupita hudhani hauna shida yoyote. Una umeme, maji ya bomba, shule, soko na zahanati, na nyumba zake zimesimama miaka mingi. Hata hivyo ndani ya nyumba hizo wapo wajane, wazee na watoto ambao usalama wao unategemea jambo moja tu: kama mwenye nyumba ameacha karatasi au hakuacha.

Lengo la somo: Baada ya kusoma na kujadili, kila kamati iweze (a) kueleza kwa nini nyumba za mitaa ya zamani hupotea mikononi mwa familia, (b) kutofautisha sheria zinazotumika katika mirathi, na (c) kuanza kazi ya karatasi katika eneo lake wakati wenye nyumba wangali hai.

1. Mtaa wenyewe

Ngamiani ni makazi ya zamani ya Jiji la Tanga, ng'ambo ya reli ukitoka katikati ya mji. Leo umegawanyika katika kata tatu: Ngamiani Kaskazini, Ngamiani Kati na Ngamiani Kusini. Barabara zake zimenyooka na nyingi huitwa kwa namba, hivyo mgeni akielekezwa "Barabara ya Nane" au "Barabara ya Kumi na Mbili" hapotei kwa urahisi.

Mji ulikua kwa sababu ya reli, bandari na mkonge. Ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza mwaka 1893, na mwaka huo huo Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kutoka hiyo michache kilimo kizima cha mkonge kikaanza. Kazi ikavuta watu: makuli wa bandarini, mafundi wa reli, makarani, wafanyabiashara wadogo. Watu hao walihitaji mahali pa kulala, na mitaa kama Ngamiani ndiyo iliyowapokea.

Nyumba waliyoijenga ni ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu katikati na vyumba kila upande, mara nyingi vitatu kwa vitatu. Nyuma kuna ua, na ndani ya ua kuna jiko, choo na mahali pa kufulia. Nyingi zilianza kwa miti, udongo na makuti. Baadaye zikapata bati, kisha matofali ya saruji, chumba kimoja kimoja, kadiri mwenye nyumba alivyopata.

Ramani hiyo ina maana kubwa kiuchumi. Nyumba yenye vyumba sita haihitaji kubomolewa ili itoe kipato. Familia inakaa vyumba viwili, vinne vinapangishwa. Kwa karani aliyestaafu au mama aliyeuza vitumbua maisha yake yote, vyumba hivyo vinne ndivyo pensheni yake. Mjukuu akitoka shamba kuja kusoma sekondari, kimoja kinaachwa wazi kwa ajili yake. Mgonjwa akija kutibiwa Hospitali ya Bombo, analala hapo hapo.

Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, sheria hiyo iligusa zaidi majengo makubwa ya mjini. Nyumba za kawaida za Kiswahili zilibaki mikononi mwa wenyewe. Kwa hiyo familia nyingi za kipato cha chini zimeendelea kumiliki jengo mahali pazuri mjini, kwa vizazi viwili au vitatu. Katika nchi ambayo mtu wa kawaida hana akiba benki, hiyo ni mali kubwa.

2. Nyumba hupoteaje?

Haipotei kwa moto wala mafuriko. Inapotea kwa msiba.

Mwenye nyumba anafariki. Watoto wanakuja kutoka Dar es Salaam, Arusha na Muheza. Matanga yanaanuliwa, arobaini inasomwa, kila mtu anarudi kwake. Hakuna anayetaka kuuliza hati iko wapi, kwa sababu anayeuliza ataonekana ana tamaa. Miaka mitatu inapita. Kodi za wapangaji zinakusanywa na mtoto mmoja anayeishi karibu. Mwaka wa nne mwingine anaumwa, au anadaiwa, au anafiwa na mume, naye anadai fungu lake. Hapo ndipo inagundulika kuwa hati bado ina jina la babu aliyekufa zamani, kwamba hakuna msimamizi wa mirathi, na kwamba pango la ardhi halijalipwa kwa miaka mingi.

Wakati huo dalali yuko tayari mlangoni. Viwanja katika mitaa ya kati vinatafutwa na wanaotaka kujenga maduka na maghorofa. Familia iliyokwisha gombana huuza haraka, na anayeuza haraka huuza kwa bei ndogo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Hesabu ya fungu

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mzee ameacha mjane mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Nyumba yake tuseme ina thamani ya shilingi milioni 48. Nchini Tanzania jibu la swali "nani apate nini" hutegemea sheria inayohusika na marehemu.

(a) Sheria ya Kiislamu. Mjane mwenye watoto hupata sehemu moja ya nane. Kinachobaki hugawiwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Katika familia hii hesabu inakaa sawasawa: mjane fungu moja, kila binti fungu moja, kila mvulana mafungu mawili, jumla manane. Mjane anapata milioni 6, kila binti milioni 6, kila mtoto wa kiume milioni 12.

(b) Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Wengi hushangaa kusikia kwamba sheria hiyo ya zamani hutumika hapa. Hutumika hasa kwa Wakristo na wengine ambao maisha yao hayakufuata mila wala sheria ya Kiislamu. Mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, na theluthi mbili hugawiwa watoto wote sawa, wa kike na wa kiume. Mjane anapata milioni 16, kila mtoto milioni 6 na laki nne.

(c) Sheria ya mila. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 ziliwaweka warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza, watoto wengine wa kiume, kisha watoto wa kike. Mjane hakupewa fungu ikiwa marehemu ana jamaa wa ukoo. Alitazamiwa kutunzwa na watoto wake. Kanuni hizi zimelalamikiwa muda mrefu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kuwa zina ubaguzi lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ikishughulikia malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania waliotolewa katika nyumba zao, iliona kuwa haki zao zilivunjwa.

Sasa tazameni jambo moja ambalo sheria zote tatu haziwezi kulitatua: nyumba haikatwi vipande vinane. Mafungu yanagawanyika kwa kalamu, lakini ukumbi ni mmoja, choo ni kimoja na mlango wa mbele ni mmoja. Warithi wakishindwa kuelewana njia inayobaki ni kuuza.

Na mjane atafanya nini na milioni 6? Tuseme vyumba vinne vilikuwa vinapangishwa kwa shilingi 30,000 kila kimoja, yaani shilingi 120,000 kwa mwezi. Milioni 6 ni kodi ya miezi 50, miaka minne na miezi miwili. Baada ya hapo hana fedha, hana kodi, na hana mahali pa kulala. Akinunua kiwanja pembezoni mwa jiji, atakuwa na ardhi bila nyumba, mbali na majirani waliomjua kwa miaka 40. Huyu ndiye anayekuja kugonga mlango wa parokia akiomba msaada wa unga. Tukimpa unga tunafanya vema, lakini tumefika tukiwa tumechelewa.

4. Yanayoweza kufanywa mwenye nyumba akiwa hai

Kwanza, hati. Hati iwe na jina la mtu aliye hai. Kama bado ina jina la babu, mirathi ya babu imalizwe kwanza, hata kama amefariki zamani. Nakala ya hati na stakabadhi za pango la ardhi ziwekwe mahali panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja. Kodi ya jengo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo katika nyumba ya kupangisha anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Mwenye nyumba na wapangaji wake waelewane mapema juu ya jambo hilo, maana ugomvi mdogo wa shilingi elfu moja au mbili huharibu ujirani.

Pili, majina ya mume na mke. Ardhi inaweza kusajiliwa kwa majina ya wanandoa wote wawili. Upo umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao mmoja akifariki haki hubaki kwa aliye hai, na upo umiliki wa hisa, ambao kila mmoja ana sehemu yake inayorithiwa. Waulizeni maofisa wa ardhi tofauti hiyo kabla ya kusaini. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyohusu mgawanyo wa mali baada ya talaka, kazi za mke nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Asiyechangia saruji huenda alichangia chakula cha fundi, na hilo nalo ni mchango.

Tatu, wosia. Wosia si uchuro. Katika sheria ya mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Anayerithi asiwe shahidi. Wosia unaweza kuhifadhiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, au kwa wakili. Ndugu zetu Waislamu wana mipaka yao: wasia hauzidi theluthi ya mali, na haumwongezei mrithi fungu bila ridhaa ya warithi wengine. Kwao hiba inayotolewa na kukabidhiwa mtu akiwa hai ni njia nyingine, na wapate ushauri wa masheikh wao.

Nne, mazungumzo. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wazazi wawaite watoto na waseme wazi: mama yenu atakaa hapa mpaka mwisho wa maisha yake; kodi ya vyumba vile itagawanywa hivi; anayetaka kutoa fungu lake awauzie kwanza ndugu zake. Maneno hayo yaandikwe na wote watie sahihi. Mapatano ya barazani wakati wote wana afya ni rahisi kuliko kesi ya miaka saba.

5. Msiba ukishatokea

Hapa kamati inaweza kuwa msaada mkubwa, kwa sababu familia iliyofiwa haijui ianzie wapi. Hatua kwa ufupi ni hizi:

• Kupata cheti cha kifo kutoka RITA au ofisi ya Mkuu wa Wilaya.
• Kufanya kikao cha familia, kumpendekeza msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria. Mjane ahudhurie na jina lake liandikwe.
• Kufungua shauri mahakamani. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Nyingine hupelekwa mahakama za juu yake, kwa kadiri ya sheria na thamani ya mali.
• Kusubiri tangazo, ili mwenye pingamizi ajitokeze.
• Msimamizi akishateuliwa, akusanye mali, alipe madeni, agawe, na arudishe hesabu mahakamani. Katika Mahakama ya Mwanzo hufanya hivyo kwa Fomu Na. 5 (orodha ya mali na madeni) na Fomu Na. 6 (hesabu ya mgawanyo).

Tusisitize neno moja linalokosewa kila siku: msimamizi si mrithi. Barua ya usimamizi haimpi umiliki wa nyumba, inampa kazi. Msimamizi akiuza na kula fedha, au akikaa miaka bila kurudisha hesabu, warithi wana haki ya kurudi mahakamani na kuomba aondolewe. Wajane wengi hawalijui hilo, na wanaolijua wanaogopa kumshitaki shemeji. Asindikizwe na watu wawili wa kamati mpaka kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao, na huduma yao kwa asiye na uwezo hutolewa bila malipo.

Kuuza si lazima kuwe mwisho. Warithi wanaweza kuiacha nyumba na kugawana kodi kwa mafungu. Katika mfano wetu wa (a), kodi ya shilingi 120,000 ikigawanywa kwa mafungu manane, kila fungu ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini mjane anabaki na chumba chake, na nyumba inabaki kwa wajukuu. Au mrithi mwenye uwezo anaweza kununua mafungu ya wenzake taratibu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

6. Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Kwa kamati: msitunge kazi hii kama mradi wa Wakristo peke yao. Ngamiani, kama mitaa mingi ya zamani ya pwani, Mwislamu na Mkristo hupanga nyumba moja na kuteka maji bomba moja. Mwenyekiti wa mtaa, shehe wa msikiti wa jirani na katekista wakikaa meza moja, familia zitasikiliza. Pia msijifanye mahakama. Kazi yenu ni kuelekeza, kusindikiza na kukumbusha. Kuamua nani apate nini si kazi yenu.

Kwa wafadhili: kazi hii haina jengo la kuzindua wala picha nzuri ya kuweka ukutani. Gharama zake ni nauli ya mjane kwenda mahakamani, ada za fomu, nakala za hati, na siku mbili za mafunzo kwa wasaidizi wa kisheria. Lakini nyumba moja ikiokolewa inaendelea kumlisha mjane, kumsomesha mjukuu na kumpokea mgonjwa kwa miaka mingi, bila mtu yeyote kuomba fedha tena. Kwa sensa ya mwaka 2022 Jiji la Tanga lilikuwa na watu zaidi ya 390,000, na miji yetu mingine nayo inakua. Kadiri ardhi ya mitaa ya kati inavyopanda bei, ndivyo familia isiyo na karatasi inavyozidi kuwa hatarini.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mtaa wenu, ni nyumba ngapi mnazozijua ambazo hati zake bado zina jina la marehemu? Msitaje majina hadharani; hesabuni tu.
2. Mjane wa mwisho aliyeomba msaada katika parokia yenu, alikuwa anaishi wapi kabla ya mumewe kufariki? Kwa nini hayuko hapo sasa?
3. Wenyewe wanakamati, wangapi kati yenu mmeandika wosia? Kama hakuna, nini kinawazuia?
4. Msaidizi wa kisheria aliye karibu nanyi ni nani, na anapatikana siku gani?
5. Chagueni familia tatu zenye wazee walio hai na nyumba ya kupangisha. Nani atawatembelea mwezi huu, na atasema nini akiketi barazani?

Swali la tano lisiishie kwenye daftari la mikutano. Andikeni majina ya watakaokwenda na tarehe, na mkutano ujao uanze kwa taarifa zao.